OFISA WA NYAMBIZI NA SWALI LA UTII: UTUMISHI WA KIJESHI WA MARTIN NIEMÖLLER NA MATOKEO YAKE KATIKA HUDUMA YAKE

Utangulizi

Jina la Martin Niemöller si geni kwa wachungaji na wanafunzi wa theolojia. Hutajwa kila panapofundishwa habari za Kanisa la Ungamo katika Ujerumani ya Hitler, na maneno yake ya toba juu ya kunyamaza wakati wengine walipokuwa wakikamatwa yamesikika katika mahubiri mengi. Lakini desturi yetu ya kuanza habari zake katika mwaka 1933 imetunyima sehemu kubwa ya ukweli. Mtu yule aliyesimama mbele ya Hitler na kumjibu hakutoka katika maktaba ya chuo kikuu. Alikuwa ofisa wa zamani wa jeshi la majini, aliyewahi kuongoza nyambizi vitani na kupewa nishani ya Msalaba wa Chuma wa daraja la kwanza kwa ajili ya kazi hiyo.

Makala haya yanakusudia kuchunguza utumishi huo wa kijeshi, tangu mwaka 1910 hadi mwaka 1919, na kuonyesha jinsi ulivyoendelea kumtawala mtu huyu muda mrefu baada ya kuvua sare. Hoja yetu ni kwamba Niemöller aliliacha jeshi kabla hajalijibu swali ambalo jeshi lilimwekea moyoni, yaani, utii wa Mkristo kwa amri ya wakubwa wake una mpaka gani? Swali hilo alikutana nalo baharini akiwa na umri wa miaka 25. Alilijibu kikamilifu akiwa na miaka zaidi ya 60. Katika muda ulio kati ya hapo alikuwa mchungaji shujaa, na ushujaa wake haukumwepusha na upofu. Kwa sisi tulioitwa kuwafundisha wengine, habari hii ina uzito wake.

1. Nyumba ya mchungaji na kiti cha mfalme

Niemöller alizaliwa tarehe 14 Januari 1892 katika mji wa Lippstadt, katika jimbo la Westfalia. Baba yake, Heinrich Niemöller, alikuwa mchungaji wa Kilutheri, na mwaka 1900 jamaa hii ilihamia Elberfeld. Ilikuwa nyumba ya sala, ya nyimbo na ya Biblia. Ilikuwa pia nyumba iliyompenda mfalme. Mwaka 1898 Kaisari Wilhelm II aliposafiri kwenda Yerusalemu kuhudhuria kuwekwa wakfu kwa Kanisa la Mkombozi, mchungaji Heinrich Niemöller alikuwa miongoni mwa waliosafiri kwa ajili ya sherehe hiyo.

Hatuna budi kuelewa maana ya jambo hilo. Katika makanisa ya Kiinjili ya Prussia, mfalme alikuwa ndiye mkuu wa Kanisa katika mambo ya utawala. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo hakujifunza kwamba kumcha Mungu na kumtii Kaisari ni mambo mawili yanayoweza kugombana. Yalikuwa kama vidole vya mkono mmoja. Alipowaambia wazazi wake kwamba anataka kuwa ofisa wa jeshi la majini, hakuna aliyeona kwamba anaiacha njia ya nyumbani.

Isitoshe, majira yale yalikuwa majira ya manowari. Kwa sheria za mwaka 1898 na 1900 Ujerumani ilikuwa imeanza kujenga kundi kubwa la manowari ili kushindana na Uingereza, na vijana wengi wa tabaka la kati waliona kwamba heshima ya nchi imo baharini. Mwaka 1910 Niemöller aliingia jeshini kama mwanafunzi wa uofisa. Kama maofisa wenzake wote, alikula kiapo cha utii kwa nafsi ya Kaisari. Kiapo hicho hatukisahau, maana kitaonekana tena mbele.

2. Kutoka manowari kwenda nyambizi

Vita Kuu ilipoanza mwezi Agosti 1914, Niemöller alikuwa ofisa katika manowari kubwa iliyoitwa Thüringen. Wasomaji wetu wa Afrika Mashariki wanalikumbuka jeshi hilo la majini kwa habari ya manowari Königsberg, iliyoizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika mikono ya mto Rufiji hadi ilipoharibiwa tarehe 11 Julai 1915. Lakini manowari kubwa za Ujerumani zilizokuwa nyumbani zilikaa bandarini kwa muda mwingi, kwa sababu wakubwa waliogopa kuzipoteza mbele ya Waingereza waliokuwa na manowari nyingi zaidi. Maofisa vijana walichoka kungoja. Waliotaka kupigana kweli waliomba kwenda kwenye nyambizi.

Niemöller alifuata njia hiyo. Mwezi Oktoba 1915 aliingia katika mafunzo ya nyambizi, na mwezi Februari 1916 aliwekwa kuwa ofisa wa pili wa nyambizi U-73, iliyotumwa katika Bahari ya Mediterania. Kazi yake kubwa ilikuwa kutega mabomu baharini. Mwezi Aprili 1916 ilitega mabomu mbele ya kisiwa cha Malta, na tarehe 27 ya mwezi huo manowari ya Kiingereza Russell iligonga mojawapo ikazama pamoja na watu zaidi ya 100. Mwezi Oktoba mwaka huo huo nyambizi hiyo ilitega mengine karibu na kisiwa cha Kea, katika bahari ya Ugiriki. Tarehe 21 Novemba 1916 meli ya hospitali Britannic, iliyokuwa kubwa kuliko meli zote zilizozama katika vita ile, iliangamia mahali hapo. Waliokufa walikuwa 30, na zaidi ya watu 1,000 waliokolewa.

Bomu la kutegwa halimchagui mtu. Anayelitega huondoka, na siku atakayoangamia mtu mwingine yeye yuko mbali, pengine amelala usingizi. Vita vya namna hii vilikuwa vipya katika dunia, na maadili ya kiaskari ambayo maofisa hao walikuwa wamefundishwa, yaani ya kupigana uso kwa uso na kumhurumia adui aliyeshindwa, hayakuwa na neno la kuwaambia.

3. Tarehe 25 Januari 1917

Mwezi Januari 1917 Niemöller alihamishiwa nyambizi U-39 kuwa ofisa wa kuongoza njia. Nahodha wake alikuwa Walter Forstmann, mmoja wa manahodha waliozamisha meli nyingi kupita wengine katika vita ile. Tarehe 25 Januari waliipiga meli ya Kifaransa Amiral Magon, iliyokuwa imewachukua askari wa Kifaransa kuwapeleka Saloniki kwenye uwanja wa vita. Meli ilizama upesi, na watu wapatao 200 wakafa.

Lililotokea baada ya kuzama kwa meli ndilo lililobaki katika dhamiri yake. Manowari ndogo ya Kifaransa iliyokuwa ikiisindikiza meli hiyo ilisimama ili kuwaopoa askari waliokuwa wakielea majini. Nyambizi ya Wajerumani haikuondoka. Kila mara ilitokeza juu ya maji bomba lake la kutazamia, ili Wafaransa waogope kupigwa na walazimike kuacha kazi ya kuokoa. Kwa hesabu ya kijeshi sababu yake ilikuwa wazi. Askari atakayeopolewa leo atafika Saloniki kesho, na kesho kutwa atawapiga risasi Wajerumani au washirika wao. Kumzuia asiokolewe ni kumwokoa mwenzako.

Niemöller mwenyewe alilieleza tukio hili katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1934, na aliitaja siku hiyo kuwa mahali pa kugeukia katika maisha yake. Maofisa walizungumza juu yake ndani ya nyambizi, na hapo aliona kwamba kuna hali ambazo ndani yake mtu hawezi kutoka akiwa na dhamiri safi, hata achague njia ipi. Akiwaacha wale waokolewe, anawasaliti ndugu zake. Akiwazuia, anawaua watu wasio na silaha wanaozama. Alitambua kwamba mwanadamu wa namna hiyo anaweza kuishi kwa msamaha tu.

Tunaomba msomaji aangalie kwa makini aina ya utambuzi huu. Ni utambuzi wa kweli, tena wa Kilutheri kabisa, kwa maana unakiri kwamba hakuna mtu anayehesabiwa haki kwa matendo yake, hata kwa matendo ya wajibu. Lakini haukufika kwenye swali la pili. Niemöller aliuliza, Nitasamehewaje? Hakuuliza, Je, niendelee? Alirudi kwenye kazi yake. Juma moja baadaye, tarehe 1 Februari 1917, Ujerumani ilianza vita vya nyambizi visivyo na mipaka, ambavyo ndani yake meli za biashara zilipigwa pasipo kuonywa, hata zile za nchi zisizokuwa vitani. Vita hivyo ndivyo vilivyoiingiza Marekani upande wa maadui zake mwezi Aprili mwaka huo. Niemöller alivitumikia hadi mwisho.

Katika mwaka huo huo wa 1917 alihudumu pia katika U-39 ofisa mwingine kijana, jina lake Karl Dönitz. Huyu ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa nyambizi zote za Hitler katika vita ya pili. Mwezi Septemba 1942, baada ya ndege ya Marekani kuzishambulia nyambizi zilizokuwa zikiwaokoa watu wa meli ya Kiingereza Laconia, alitoa amri ya kuwakataza manahodha wake wasiwaokoe watu wa meli walizozamisha. Hitler alipokufa alimwachia uongozi wa dola, na mwaka 1946 mahakama ya Nuremberg ilimhukumu kifungo cha miaka 10. Hatusemi kwamba matendo ya mmoja yanaeleza ya mwingine. Tunasema kwamba nyambizi moja, chini ya nahodha mmoja na kiapo kimoja, iliwalea watu wawili, na mmoja tu kati yao ndiye aliyebaki na swali moyoni.

4. Ofisa asiye na mfalme

Mwezi Agosti 1917 Niemöller alikuwa ofisa wa kwanza wa U-151, nyambizi kubwa iliyokuwa imejengwa kwa ajili ya biashara kisha ikageuzwa kuwa ya vita. Katika safari moja ya siku 115 ilizamisha meli ambazo uzito wake uliokadiriwa ni tani 55,000. Katikati ya mwaka 1918 alipewa kuongoza nyambizi yake mwenyewe, UC-67, na alitega mabomu mbele ya bandari ya Marseille hata bandari hiyo ikafungwa kwa muda. Alikuwa na miaka 26. Upande wake nao ulipata hasara kubwa: nyambizi zaidi ya 170 za Ujerumani zilipotea katika vita ile, na wanamaji wake wapatao 5,000 walikufa, wengi wao wakiwa vijana kama yeye.

Vita ilikwisha ghafula. Mapema mwezi Novemba 1918 wanamaji waliasi katika bandari ya Kiel, na tarehe 9 Kaisari aliondolewa katika kiti chake. Niemöller alikuwa angali njiani akirudisha nyambizi yake kutoka Mediterania. Alipofika Kiel alikuta bendera aliyoipigania imeshushwa, na mfalme aliyemwapia yuko uhamishoni Uholanzi.

Basi likaja jambo linalostahili kuangaliwa. Aliamriwa kupeleka nyambizi mbili Uingereza zikakabidhiwe kwa washindi, kama mapatano ya kusimamisha vita yalivyotaka. Alikataa. Hii ni mara ya kwanza tunayomwona ofisa huyu akikataa amri. Hakukataa kuwazuilia wanaozama wokovu wao. Alikataa kuwapa Waingereza nyambizi. Dhamiri iliyosema hapo ilikuwa dhamiri ya heshima ya taifa. Mwaka 1919 alijiuzulu kwa sababu hakutaka kuitumikia serikali mpya ya jamhuri.

Alimwoa Else Bremer mwezi Aprili mwaka huo, akaenda kujifunza kilimo, akitumaini kununua shamba. Fedha yake haikutosha. Hatimaye aliamua kusoma theolojia katika Chuo Kikuu cha Münster, kwa sababu aliona kwamba watu wake waliovunjika moyo wangeweza kusaidiwa na Neno la Mungu, kama lilivyoisaidia nyumba ya wazazi wake. Sababu hiyo ilikuwa njema. Lakini hata akiwa mwanafunzi wa theolojia, mwaka 1920 alichukua tena bunduki na kuongoza kikosi cha wanafunzi waliojitolea kwenda kupigana na wafanyakazi walioinuka katika jimbo la Ruhr. Alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1924. Katika mwaka huo huo alikipigia kura chama cha Hitler.

5. Ofisa ndani ya mchungaji

Mwaka 1931 Niemöller aliitwa katika usharika wa Dahlem, Berlin. Hitler alipotwaa madaraka tarehe 30 Januari 1933, yeye alikuwa miongoni mwa waliofurahi. Furaha hiyo haikudumu, kwa sababu serikali ilitaka kulitawala Kanisa. Mwezi Septemba 1933 sinodi ya Kanisa la Prussia ilipitisha sheria ya ubaguzi wa damu, iliyotaka wachungaji na watumishi wa Kanisa wenye asili ya Kiyahudi waondolewe. Niemöller alianzisha Umoja wa Dharura wa Wachungaji ili kuipinga, na kufikia Januari 1934 wachungaji wapatao 7,000 walikuwa wamejiunga.

Kipawa cha ofisa kilionekana hapa kwa faida ya Kanisa. Alijua kuwapanga watu, kutoa neno fupi lililo wazi, na kutotikisika mbele ya vitisho. Tarehe 25 Januari 1934, miaka 17 kamili baada ya siku ile ya baharini, alikuwa miongoni mwa viongozi wa Kanisa walioitwa mbele ya Hitler. Göring alisoma mbele ya wote maneno ambayo Niemöller alikuwa ameyasema katika simu asubuhi ile, maana simu yake ilisikilizwa kwa siri. Wengine walinyong'onyea. Niemöller alimwambia Hitler kwamba wachungaji nao wamepewa na Mungu wajibu juu ya watu wa Ujerumani, wala hakuna mwenye uwezo wa kuwaondolea wajibu huo. Mwezi Mei mwaka huo Azimio la Barmen lilitamka kwamba Kanisa halina bwana mwingine ila Yesu Kristo.

Hata hivyo, haki yatudai tuseme na upande wa pili. Mwezi Oktoba 1933, Ujerumani ilipojiondoa katika Shirikisho la Mataifa, Niemöller na wenzake walimpelekea Hitler simu ya maandishi ya pongezi na shukrani. Alitetea haki ya Wakristo wenye asili ya Kiyahudi ndani ya Kanisa, lakini hakupaza sauti hivyo hivyo kwa ajili ya Wayahudi wasiobatizwa waliokuwa wakiteswa barabarani. Alikamatwa tarehe 1 Julai 1937. Mbele ya mahakama, mapema mwaka 1938, alitaja utumishi wake wa vitani na uzalendo wake kuwa ushahidi kwamba yeye si adui wa dola. Mahakama ilimpa kifungo chepesi ambacho alikuwa amekwisha kukitimiza kwa kukaa mahabusu, lakini Hitler hakumwachilia. Alipelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen kuwa mfungwa wake binafsi, na mwaka 1941 akahamishiwa Dachau.

Kutoka katika kambi hiyo ya kwanza, mwezi Septemba 1939, vita ilipoanza, mfungwa huyu aliandika barua kuomba arudishwe katika jeshi la majini ili aipiganie nchi yake. Ombi lake lilikataliwa. Wengi wametafuta maelezo ya barua hiyo. Wengine wamesema alitaka kutoka kambini, na wengine kwamba alishauriwa na marafiki. Maelezo hayo yaweza kuwa na kweli ndani yake. Lakini yeye mwenyewe, alipoulizwa na waandishi wa habari huko Naples mwezi Juni 1945, hakuificha barua wala hakuikana. Alieleza kwamba ugomvi wake na serikali ulikuwa wa imani, si wa siasa, na kwamba kuitetea nchi yake vitani alikuona kuwa wajibu. Dunia iliyokuwa imemsifu ilishtuka.

Twaona basi kwamba kiapo cha mwaka 1910 kilikuwa hai bado. Niemöller alikuwa amemkataza Hitler kuingia katika Kanisa. Hakuwa amemkataza kuingia Polandi.

6. Luther na askari

Je, Niemöller alikuwa akifuata mafundisho ya Kilutheri? Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 16, linafundisha kwamba Mkristo aweza kutumikia jeshini na kupigana katika vita vya haki. Martin Luther naye, katika kitabu chake cha mwaka 1526 kuhusu swali kama askari nao waweza kuokoka, alifundisha kwamba kazi ya askari yaweza kuwa huduma ya upendo, kwa kuwa inawalinda wanyonge.

Lakini katika kitabu hicho hicho Luther aliuliza jambo jingine: itakuwaje ikiwa bwana wangu ana makosa katika kwenda vitani? Jibu lake halina utata. Ukijua kwa hakika kwamba ana makosa, mche Mungu kuliko wanadamu, kama mitume walivyosema katika Matendo 5:29, wala usipigane. Ikiwa hujui wala huwezi kujua, ndipo waweza kutii kwa dhamiri tulivu.

Vizazi vingi vya Wakristo wa Ujerumani vilifundishwa mwanzo wa mafundisho haya na mwisho wake, na katikati yake pakarukwa. Walifundishwa kwamba askari aweza kuokoka, na kwamba asiyejua atii. Hawakufundishwa kwamba wana wajibu wa kutafuta kujua. Askari aliyefundishwa hivyo hufanya kutojua kwake kuwa ngome, na mchungaji wake humsaidia kuijenga. Hapo ndipo tunapoliona kosa, nalo si la ofisa mmoja. Ni kosa la mimbara zilizomlea.

7. Swali linajibiwa

Niemöller aliachiliwa mwaka 1945 katika milima ya Tirol ya kusini, alikokuwa amepelekwa na walinzi wake pamoja na wafungwa wengine maarufu. Mwanawe mmoja alikuwa ameuawa vitani miezi michache kabla ya hapo. Katika mwaka huo alikwenda Dachau pamoja na mkewe, wakaona ubao uliotaja watu waliochomwa hapo tangu 1933 hadi 1945. Baadaye alisimulia mara nyingi kwamba tarehe hizo zilimchoma moyo. Kwa miaka ya 1937 hadi 1945 alikuwa na udhuru, kwa kuwa alikuwa kifungoni. Mungu alimwuliza juu ya 1933 hadi 1937, na kwa miaka hiyo hakuwa na jibu. Mwezi Oktoba 1945 alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi Azimio la Stuttgart la kukiri hatia.

Lakini hata hapo alikiri dhambi ya kunyamaza. Suala la silaha lilibaki. Mwaka 1954 alizungumza na mwanasayansi Otto Hahn juu ya nguvu ya mabomu mapya ya haidrojeni, akaambiwa kwamba mwanadamu sasa anao uwezo wa kuangamiza uhai wote duniani. Alirudi kusoma Agano Jipya kana kwamba hajawahi kulisoma, na tangu hapo alikataa vita vyote. Tarehe 25 Januari 1959, katika mji wa Kassel, aliwashangaza Wajerumani aliposema kwamba mafunzo ya uaskari ya siku zile yamekuwa shule ya juu ya kuwaandaa watu kwa uhalifu. Waziri wa Ulinzi, Franz Josef Strauss, alimshtaki, kesi haikuendelea. Sasa yule aliyetega mabomu mbele ya Marseille alikuwa amelijibu swali la U-39. Mwaka 1961, huko New Delhi, alichaguliwa kuwa mmoja wa marais wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Alifariki tarehe 6 Machi 1984, akiwa na umri wa miaka 92.

Hitimisho

Si lazima kila msomaji akubaliane na Niemöller wa mwaka 1959. Makanisa yetu yana maaskari waaminifu katika viti vyake, na wachungaji wanaohudumu kambini. Kifungu cha 16 cha Ungamo letu hakijafutwa. Lakini kutokana na maisha haya tunajifunza mambo matatu.

Kwanza, ushujaa si kitu kile kile na dhamiri iliyo wazi. Mtu aweza kutomwogopa mfalme, na bado akawa mtumwa wa mambo aliyoyanyonya utotoni. Tunapowasimulia waumini habari za mashujaa wa imani, tuwasimulie pamoja na upofu wao, ili wasikilizaji wajichunguze na wao.

Pili, Kanisa linalopigana kwa ajili ya uhuru wake peke yake limepigana nusu ya vita. Katika nchi za Afrika Mashariki na Maziwa Makuu tumeona jinsi amri za wakubwa zilivyotekelezwa na watu waliobatizwa. Tukiamka siku serikali inapogusa mali na vyeo vya Kanisa, tukalala inapogusa damu ya jirani asiye wa kundi letu, hatujaokoka kutoka katika kosa la mwaka 1933.

Tatu, msamaha haukuletwa ili kulizima swali. Kijana yule wa U-39 aliona kweli kwamba ataishi kwa neema tu, na neema hiyo alihubiri maisha yake yote. Ilimchukua miaka 37 kuona kwamba neema inayomsamehe askari kwa ajili ya jana ina haki ya kumwuliza juu ya kesho. Askari akimjia mchungaji wake kuungama, na asamehewe bila masharti. Kisha mchungaji asione haya kumwuliza: na ukiamriwa tena?